Namba Thelathini na Moja

Miaka tisa nilikaa benchi, kitasa cha ubao mkononi,
nikiwafungulia wengine waingie na watoke.
Golikipa wa akiba ndiye huyo: bawabu aliyevaa pedi.
Kwa hiyo Veikko Tuomaala nilimjua kwanza kwa mgongo,
namba thelathini na moja, herufi ya mwisho imebanduka,
hata msimu mzima pale Iisalmi akawa Tuomaal,
wala hakuomba uzi kwa mtu.

Uzi alikuwa nao. Na sindano, tena ya kushonea ngozi.
Kwenye basi la usiku kutoka Rovaniemi,
nje misonobari na theluji, theluji na misonobari,
sisi tumelala midomo wazi, yeye anashona pedi zake
kwa tochi ndogo aliyoiuma kwa meno.
Meno ya mbele hayakuwa yake. Aliyanunua Oulu.

Ligi kuu aliichezea dakika kumi na moja.
Mwaka ule mimi nilikuwa darasa la pili.
Mwenzake aliteguka nyonga, akaingizwa mwili haujapata moto,
akadaka mikwaju minne; wa tano ukampita chini ya kwapa.
Muulize leo, atakusimulia ule wa tano tu:
nani aliupiga, gongo alilishika mkono upi,
na vile jamaa alivyotazama kushoto akafumua kulia.
"Ile minne," husema, "ilinigonga tu."

Baadaye klabu saba. Mbili zilifilisika.
Moja ilimlipa mshahara wa Machi kwa nyama ya kulungu.

Msiniambie shujaa.
Alikuwa mgumu, mchoyo wa sifa,
akinuna tangu asubuhi ya mechi mpaka kipenga.
Saa kumi na mbili kasoro robo alitapika, kila mara,
ungeweza kurekebishia saa yako,
kisha akasukutua, akala nusu ndizi.
Nusu ya pili alinipa mimi. Miaka tisa.

Halafu barafu. Aliiparuza kwa visu vya viatu,
kushoto kwenda kulia, kulia kurudi kushoto,
kama mtu anayepalilia kishamba kisichoota kitu.
Nguzo ya kushoto aliigonga mara moja, ya kulia mara mbili,
na mtambaapanya akauacha bila salamu.

Wanaokaa juu jukwaani hudhani kisahani kinakuja.
Hakiji. Ukikiona, kimeshafika.
Veikko alikuwa amefika kabla yake,
goti chini, glovu wazi, uso hauna habari.

Lakini Februari ile, dhidi ya Kajaani,
mtu alikitupa tu kutoka nusu yao, apate kupumzika,
kikadunda, kikadunda, kikamponyoka katikati ya miguu.
Uwanja ukanyamaza, kisha kicheko.
Mwanamke mmoja akasema, bila hata kupaza sauti,
"Nenda nyumbani, Veikko."
Akainua barakoa, akanywa maji, akamjibu:
"Bado dakika thelathini na nane, Tellervo."
Dada yake, tumbo moja.
Hakufungwa tena usiku ule.

Oktoba iliyopita kocha akasoma jina langu.
Yeye, miaka arobaini na mbili, nyonga zote mbili zimepasuliwa,
akaenda kuketi penye kijishimo nilichokikalia,
akashika kitasa.
Hakunipa mkono wala neno.
Na mlango ule aliufungua vibaya! Wachezaji wakagonga ubao,
wakatukana, maana macho yake hayakuwa mlangoni,
yalikuwa kwangu.

Nilifungwa matatu. Mapumzikoni akanijia akichechemea.
"Upande wa kulia hukuparuza vizuri."
Nikaona leo ndiyo leo, nikamuuliza
kwa nini nguzo ya kulia huigonga mara mbili.
Akanitazama kama niliyeuliza maji kwa nini huganda.
"Ya kushoto husikia haraka," akasema,
akanipa nusu ndizi,
akarudi mlangoni.